Jibu: Je, unalipwa ukiazimisha kompyuta yako kwa utafiti?

Ndugu, umeuliza kama anayeacha kompyuta yake ipige hesabu za wanasayansi hulipwa chochote. Pesa, karibu hakuna. Utapata pointi.

Kwenye BOINC, programu ya kuazimishia kompyuta iliyotoka Chuo Kikuu cha California, Berkeley, mashine inayofanya hesabu bilioni moja kwa sekunde hupata pointi 200 kwa siku nzima. Pointi hizo hazinunui hata vocha, ila watu wanazigombania kama ligi, timu kwa timu. Palipo na ushindani wajanja hawakosi, kwa hiyo mara nyingi kazi moja hupelekwa kwenye kompyuta mbili, na pointi hutoka majibu yakilingana.

Zawadi ninayoipenda mimi ni jina. Mwaka 2010 mradi wa Einstein@Home uligundua pulsa (masalia ya nyota yanayozunguka kwa kasi na kurusha mawimbi ya redio) kupitia kompyuta za wanandoa wa Iowa na mtu mmoja wa Ujerumani, na wote watatu wakatajwa kwenye jarida la Science. Hiyo unamwonyesha mjukuu!

Fedha taslimu zipo GIMPS, wanaosaka namba tasa kubwa kabisa: dola 3,000 kwa atakayeipata mpya. Ni bahati nasibu tu. Gridcoin nayo hutoa sarafu ya kidijitali kwa kazi ya BOINC, lakini piga hesabu ya umeme kwanza. Mimi niliwasha laptopu usiku kucha wiki mbili, mke wangu akaniuliza yuniti za LUKU zinakwenda wapi. Sasa nimeipangia ifanye kazi mchana tu, nisipoitumia.