Van ya bei nafuu: anza na joto, viti baadaye

Msomaji ameleta swali linalowakuta wengi. Pesa yake inatosha van moja tu, na ameonyeshwa mbili. Ya kwanza inasoma kilomita 98,000, imepigwa rangi na viti vimeshonwa upya. Ya pili inasoma 260,000 na rangi imefubaa, lakini mwenye nayo ana daftari la gereji lenye tarehe, aina ya oili na filta zilizobadilishwa. Jibu langu ni ya pili, mradi ipite majaribio nitakayoeleza. Kinachoichosha van ni uzito iliobeba na joto ililopitia, na hayo mawili hayaonekani kwenye rangi.

Kilomita za dashibodi hurudishwa nyuma kirahisi, kwa hiyo soma vitu visivyorudi. Mpira wa pedali ya breki ukiwa umelika hadi chuma, usukani umekuwa laini upande wa juu, na mlango wa dereva unashuka ukiufungua, hiyo si gari ya kilomita 98,000. Tazama pia roli za mlango wa pembeni. Mlango ukihitaji kuinuliwa ndipo ufunge, umeshafunguliwa mara nyingi mno.

Kagua injini ikiwa ya baridi. Mwambie muuzaji asiiwashe kabla hujafika, kisha hakikisha kwa mkono. Katika van nyingi injini iko chini ya viti vya mbele, basi inua kiti uguse. Ukiikuta ina moto, rudi siku nyingine. Huenda kuna tatizo la kuwaka asubuhi linalofichwa. Fungua kifuniko cha rejeta. Maji ya rangi ya kutu yanamaanisha kulanti (dawa ya kupoza injini inayochanganywa na maji) haijatumika kwa muda mrefu. Utando wa mafuta juu ya maji unamaanisha uache hapo hapo. Washa, uangalie moshi: wa bluu ni oili inayoungua, na mweupe unaokaa baada ya injini kupata moto, huku maji yakipungua, unaelekeza kwenye hedi gasketi, kizibo kilicho kati ya bloku na kichwa cha injini. Injini ikisilensa, yaani ikizunguka bila kukanyagwa mafuta, fungua kifuniko cha oili. Mvuke kidogo kwenye dizeli si kitu. Ukitoka kwa nguvu kama birika linalochemka, ringi zimekwisha.

Kwa HiAce ya kizazi cha H200, iliyoanza 2004, herufi za mwanzo za namba ya chesisi zinataja ukoo wa injini: TRH ni petroli ya TR, KDH ni dizeli ya KD. TR za lita 2.0 na 2.7 zinatumia cheni ya taimingi. KD inatumia mkanda, na kwa kawaida hubadilishwa kwenye kilomita 150,000. Usipoona ushahidi kwamba umebadilishwa, hesabu kwamba haujabadilishwa. KD ya lita 3.0, yaani 1KD, ina ugonjwa wake unaojulikana. Zile washa, yaani pete bapa za shaba, zilizo chini ya nozeli za kupulizia dizeli zikivuja, gesi ya mlipuko huingia kwenye oili na kuigeuza masizi mazito. Masizi hayo huziba chujio la pampu ya oili ndani ya sampu (beseni la oili chini ya injini), na injini hufa kwa kukosa oili ilhali kijiti cha kupimia kinaonyesha imejaa. Mulika tochi kwenye tundu la oili. Ukiona madonge meusi magumu, ama uache gari ama bei ipunguzwe kwa gharama ya kushusha sampu, kusafisha chujio na kubadilisha washa zote nne.

Giaboksi inataka kujaribiwa ikiwa na moto, baada ya nusu saa ya kuendesha, tena mlimani. Ya otomatiki ikichelewa kushika ukitoa N kwenda D, au ikitetemeka mlimani, hilo ni tatizo la pesa nyingi. Noah na Voxy zisizo hybrid za kuanzia 2007, na Serena ya kizazi cha C25, zina CVT, yaani otomatiki inayotumia mkanda wa chuma na puli badala ya gia za hatua. Hizi hazipokei oili ya otomatiki ya kawaida. Fundi akikuambia oili zote ni sawa, tafuta fundi mwingine, kwa sababu oili isiyo yake huharibu mkanda wa chuma na puli zake. Kwa gari linalobeba watu kila siku, ibadilishe kila kilomita 40,000 hadi 60,000. Kwa gia za mkono jaribio ni rahisi: handbreki juu, gia ya tatu, achia klachi taratibu. Injini ikizima mara moja, klachi bado ina uhai.

Sasa joto, maana hapa ndipo van nyingi zinapouawa na watu wanaozipenda. Injini iliyofungiwa chini ya viti hupata upepo mdogo, na mabomba ya maji ya hita ya nyuma ni marefu. Injini ikichemsha, wapo mafundi wanaoondoa thamostati, ile vali inayofungulia maji kwenda kwenye rejeta yakishapata moto, na kusema tatizo limekwisha. Halijaisha. Katika injini nyingi thamostati ikifunguka huziba pia njia ya mkato. Ukiitoa, njia hiyo inabaki wazi, sehemu ya maji ya moto inarudi kwenye injini bila kupita kwenye rejeta, na ukipanda mlima na mzigo joto linazidi. Barabarani bila mzigo, injini inakaa ya baridi mno, oili inachafuka na silinda zinalika. Rudisha thamostati yenye kipimo kilichoandikwa na mtengenezaji.

Kifuniko cha rejeta nacho ni kipuri, si kizibo tu. Kikishikilia presha ya bar 1.1, hata maji matupu huchemka karibu na nyuzi 120 badala ya 100. Mpira wake ukilegea, unapoteza kinga hiyo yote kwa kitu cha bei ndogo kabisa. Tumia kulanti nusu kwa nusu na maji yaliyotoneshwa (distilled). Maji ya bomba huacha magamba ya chokaa ndani ya rejeta. Ukijaza, elekeza pua ya gari juu mlimani, washa hita kwenye moto, acha kifuniko wazi tangu injini ikiwa ya baridi, na uongeze kidogo kidogo hadi mapovu yaishe. Hewa ikibaki ndani, au maji yakimwagika ghafla, kipimo cha dashibodi kinaweza kushuka kwa sababu sensa haiguswi tena na maji. Mshale ukishuka ghafla wakati gari linafanya kazi ngumu, simama.

Kwenye bei ya muuzaji ongeza gharama ya mwezi wa kwanza: oili zote tatu (injini, gia, difu kama ipo), filta, kulanti, thamostati, kifuniko, mipira ya maji, mafuta ya breki. Pesa isipotosha yote hayo, gari hilo bado ni ghali kwako. Baada ya hapo, kwa dizeli inayofanya kazi kwenye vumbi na mzigo, oili kila kilomita 5,000, na mafuta ya breki kila miaka miwili.

Ukinunua van ya mizigo iliyoongezwa viti, lala chini uone boliti. Zinatakiwa zipite kwenye bati la kutawanya uzito, si kwenye sakafu nyembamba pekee, na mikanda ya viti ifungwe kwenye mhimili. Utabeba watoto wa watu humo. Watu 14 wa kilo 70 ni kilo 980 kabla ya begi moja, kwa hiyo linganisha na kibao cha uzito wa gari. Tairi ziwe za alama ya C au LT, yaani za kubebea mzigo. Tarehe yake ni tarakimu nne ubavuni: 2319 ni wiki ya 23 ya mwaka 2019. Upepo wa nyuma na wa mbele huwa tofauti. Soma kibandiko kwenye nguzo ya mlango wa dereva. Ukishafunga tairi, rudia kukaza nati baada ya kilomita 50 hadi 100, kwa spana ya kupimia nguvu na kwa mpangilio wa msalaba, gari likiwa limesimama mahali tambarare.