Mtoto alizaliwa amefariki, wananiambia nisahau

*"Shangazi, nilijifungua mtoto wa kiume akiwa ameshafariki, mimba ya miezi tisa. Wazee walimzika nikiwa bado wodini. Ni miezi minne sasa. Silali, chakula hakishuki, kichanga wa jirani akilia natetemeka. Mama mkwe anasema niache kulia, nitazaa mwingine. Nawaza zile ndoo za maji nilizobeba wiki ya mwisho. Nimerogwa, au ndio wazimu?" – Msomaji, Morogoro*

Pole sana, mwanangu. Umefiwa. Msiba wa mtu mzima tunaukalia matanga, lakini huu wako uliisha siku hiyohiyo, kisha watu wanashangaa mbona mama hachangamki.

Tuanze na ndoo, maana naona ndizo zinazokula usingizi wako. Kubeba maji hakukumuua mwanao. Watoto hufia tumboni kwa shinikizo la damu la mimba, kondo kuachia kabla ya wakati, malaria, kaswende isiyotibiwa, au uchungu uliochukua muda mrefu mno. Na mara nyingine madaktari hutafuta sababu wasiione. Rudi ulikojifungulia, uliza faili lako limeandikwa nini. Ni haki yako, na majibu hayo utayahitaji ukibeba mimba tena.

Hujarogwa, wala huna wazimu. Kulia kwenyewe si ugonjwa; ningeshangaa kama hulii. Ila kutolala, kutokula na kujilaumu mfululizo hadi mwezi wa nne, hapo mimi nashuku sonona, yaani ugonjwa wa huzuni nzito isiyoisha, na sonona inatibika. Wengi hudhani humpata tu mama aliyerudi na mtoto mikononi. Wewe nawe ulizaa, na bila shaka hata maziwa yalitoka.

Nenda ukamwambie daktari maneno haya haya uliyoniandikia. Ukisema "kichwa kinauma" utapewa panadol urudi nyumbani. Kama kliniki ya mama na mtoto huiwezi kwa sababu ya vichanga, pitia wagonjwa wa nje, uombe kupelekwa kitengo cha afya ya akili. Kuna tiba ya mazungumzo, na wengine huongezewa dawa. Dawa hizo huchukua wiki kadhaa kufanya kazi, kwa hiyo usiziache siku ya tano. Na likikujia wazo la kutaka kufa, usikae nalo hadi asubuhi: mwamshe mumeo, mwende hospitali usiku huohuo.

Mumeo hukumtaja hata mara moja. Kaburi analijua yeye. Mwombe akupeleke, na kama mlikuwa na jina, mtajeni kwa jina lake. Huenda naye hajapata wa kumwambia.

Mama mkwe mjibu kwa adabu: "Mama, huyo mwingine hatakuwa yeye." Lini mjaribu tena, hilo ni lako, mumeo na daktari. Mama mkwe asiwapangie mwezi.