Umeletewa Shopsmith ya zamani toka Marekani? Anza na mota

Wakuu, mwezi huu nimeulizwa mara mbili kuhusu Shopsmith, zile mashine za useremala za Kimarekani ambazo kichwa kimoja kinateleza juu ya mabomba mawili na unapata msumeno wa duara, mashine ya kukereza, drili ya kusimama, drili ya kulala na diski ya msasa. Yangu ni modeli ya 10ER, zile za mwanzo mwanzo za Hans Goldschmidt, zilianza kuuzwa 1947. Niliipata Ohio kwenye gereji ya mzee aliyefariki, watoto wake walikuwa wanataka nafasi tu, nikaifungua vipande vipande nikaichomeka kwenye kontena la shemeji katikati ya magodoro, ikafika Dar, ikapanda fuso mpaka Morogoro.

Kutu isikutishe. Brashi ya waya, mafuta ya taa, siku mbili, mabomba yakang'aa. Mimi kilichoniumiza ni umeme.

Nilinunua transfoma ya kushusha 230 kuwa 110 nikajiona mjanja. Mashine ikawaka, nikapasua mbao laini za paina fresh kabisa, jirani akaja kushangaa, basi nikaleta ubao wa mninga wa inchi mbili ili nimuoneshe. Baada ya dakika kama ishirini nikasikia harufu, ile ya vanishi ya waya inayoungua, na kabla sijafika kwenye swichi moshi ushatoka. Kumbe transfoma inabadilisha volti tu, Hz (idadi ya mizunguko ya umeme kwa sekunde) haigusi. Mota ya kule imeundwa kwa Hz 60, sisi tuna 50, kwa hiyo kwa volti zile zile inavuta umeme mwingi zaidi, inachemka, na juu ya hapo inazunguka taratibu, badala ya raundi 1725 kwa dakika unapata kama 1425. Sasa ongeza mninga hapo.

Kwa hiyo usihangaike na transfoma, badilisha mota. Uzuri wa 10ER ni kwamba mota inakaa nje, nyuma ya kichwa, na mkanda wake unaonekana. Nikachukua ya hapa hapa, nguvu ya farasi (hp) 1, fezi moja, raundi 1400 na kidogo. Shafti yake ni milimita 19 na puli ya Kimarekani ina tundu la inchi 5/8, haziingiliani, nikampelekea fundi wa lezi puli ya zamani kama sampuli nikamwambia kila ngazi ya puli aiongeze upana kwa moja ya tano ili kurudisha spidi iliyopotea. Alinitazama kama nimechanganyikiwa ila alichonga vizuri. Matundu ya miguu ya mota nayo hayakukaa, nikakata bamba la chuma katikati. Siku ya kuwasha mashine ikazunguka kinyume 😂 fundi umeme akageuza nyaya mbili za kuanzishia, kwisha. Kama yako ni Mark 5, ile ya kuanzia 1953, hesabu upya kabla hujalipia usafiri, mota yake iko ndani ya kichwa na si kazi ya mchana mmoja. Na kama yako ni ile ya kubadilisha spidi kwa kuzungusha kitasa, kitasa kizungushe mashine ikiwa inatembea, usikizungushe imezimwa.

Bledi nazo. Shafti ya msumeno wangu ni 5/8, yaani milimita 15.875, dukani utaambiwa weka ringi ya kupunguzia tundu la bledi liwe 16, ni ile ile. Sio ile ile! Huo upenyo mdogo unaifanya bledi isikae katikati sawasawa, meno ya upande mmoja yanafanya kazi kuliko mengine. Chongesha ringi ya saizi yenyewe.

Kingine, kwenye mashine hii bledi hailali, inayolala ni meza, na ubao mrefu juu ya meza iliyolala digrii 45 unataka kukukimbia. Mimi kupasua mbao nzito nimeshaacha, nampelekea jamaa mwenye msumeno mkubwa, nalipa, naletewa. Hii yangu inakereza miguu ya vitanda na kutoboa. Na kuhama toka msumeno kwenda kukereza ni dakika kumi za spana, kwa hiyo nakata vyote kwanza, natoboa vyote, ndo nakereza. Nikisahau kipande kimoja hakijakatwa, nachukua msumeno wa mkono tu, sifungui mashine.