Mwacheni Mhusika Aingie Kimya

Wadogo zangu, wiki hii nimesoma skripti zenu saba za episodi ya kwanza. Katika tano kati ya hizo, mhusika mkuu hajafika ukurasa wa tatu na tayari ana msemo wake, kauli ya kurudiarudia. Daktari: "Mwili hausemi uongo." Polisi: "Mimi nanusa tu." Kuna na mama mkwe, ambaye kwa kweli nimempenda, anayesema "Nyumba hii ina masikio yangu" mara nne ndani ya sini moja, yaani onyesho moja, na mara ya nne yuko peke yake jikoni, anaiambia sufuria.

Nilicheka. Kisha nikakasirika. Kisha nikakumbuka kwamba haya mmeyapata kwetu sisi, kwenye vitu tulivyorusha hewani mkiwa bado mnavaa sare za shule ya msingi. Kwa hiyo nawadai dakika chache. Najua rasimu ya pili ni Ijumaa.

1. Kabla ya kumpa mhusika msemo, jiulizeni nani atausikia.

Kila mwandishi mgeni akija hapa ananitajia Columbo, yule mpelelezi wa tamthilia ya Kimarekani. "Mbona yeye alikuwa nao?" Naam, alikuwa nao. Peter Falk, mwigizaji wake, anamuaga mshukiwa, anafika mlangoni, anageuka: kuna jambo moja tu zaidi. Na mwanzo wake ulikuwa uvivu mtakatifu wa mwandishi. Richard Levinson na William Link, waliombuni, waliona sini imekuwa fupi, mpelelezi keshatoka, hawakutaka kupiga chapa upya kurasa nzima, wakaamua arudi tu na swali la mwisho. Lakini angalieni kwa nini ulidumu. Kila episodi ina muuaji mpya. Anayeambiwa maneno yale anayasikia kwa mara ya kwanza maishani mwake, ndio kwanza ameshusha pumzi, anadhani mgeni kaondoka. Sisi tulioko sebuleni tunajua mtego umefyatuka, yeye hajui. Msemo ule unaigeuza sini.

Ninyi hamwandiki kesi mpya kila wiki. Mnaandika mfululizo, wahusika walewale, nyumba ileile, msimu mzima. Masikio ni yaleyale. Mama mkwe akitoa kauli yake mara ya kumi, mkwe aliyeisikia mara tisa afanye nini? Ashtuke tena?

2. Msemo hudai malipo. Hapa nitakaa kidogo, mtanisamehe.

Niliwahi kumwandika mkopeshaji wa riba. Mtu mbaya, lakini nilimbuni kwa ajili ya sini moja tu: episodi ya 40, atachana daftari la madeni mbele ya mjane aliyemfilisi. Safari yote ilikuwa inaelekea hapo. Sasa, katika episodi ya tatu anamfuata mdaiwa wake hospitalini usiku, anamwekea shuka vizuri kama mzazi, anainama na kusema taratibu, "Deni halilali." Mpiga kamera alinitazama, akatikisa kichwa. Nilijua tumepata kitu.

Tulipata kweli. Ikawekwa kwenye tangazo. Watoto wakaanza kuambiana. Prodyuza akaanza kunirudishia skripti zikiwa na duara jekundu na swali moja: "Iko wapi?" Basi nikawa naikokota kila sini mpaka kwenye msemo, kama mtu anayevuta mbuzi. Wahusika wengine niliwageuza vibarua wa kumwandalia swali. Mbona umekuja usiku? Deni halilali. Hukai hata kidogo? Deni halilali. Yule mwigizaji, mtu mzima mwenye kipaji kuliko sisi wote pale, aliniuliza siku moja kwa upole, "Mwandishi, huyu mtu hana maneno mengine?" Nikamjibu kwamba watazamaji wanaupenda.

Episodi ya 31 anamzika binti yake. Niliandika awe kimya. Mjane peke yake ndiye anayemkaribia kaburini, anampa koleo, basi. Skripti ikarudi na duara jekundu. Ningeweza kukataa. Ningeweza kabisa, nilikuwa na sauti pale. Lakini nilifanya jambo baya kuliko kukubali, nilijiona mjanja. Nikasema, ataitamka akitazama jeneza, maana sasa yeye ndiye anayedaiwa! Kwenye karatasi ilisisimua. Siku ya kupiga picha mwigizaji aliniuliza, "Ni lazima?" Nikasema ni lazima. Teki ya kwanza mshika maiki akaangua kicheko. Teki ya pili waombolezaji wa ziada wakamwitikia, bila kukusudia, kwa sauti ya chini kama korasi. Teki ya tatu ndiyo tuliyotumia.

Usiku wa kurushwa nilikuwa nyumbani kwa jamaa zangu, sebule imejaa. Jeneza linashuka, muziki umenyamaza, kamera inamsogelea usoni, na chumba kizima, kwa pamoja, wakubwa kwa wadogo: "DENI HALILALI!" Wakacheka mpaka mtu akamwaga chai. Mtoto mmoja akapiga makofi. Sikuweza kuwalaumu. Niliwafundisha mwenyewe, episodi ishirini na nane mfululizo, kwamba hapo ndipo pa kuitikia.

Na ile sini ya 40? Tuliiandika. Alichana daftari, na watazamaji wakakasirika, wakatuandikia kwamba huyu si yule. Walikuwa na haki, maana yule waliyekuwa naye alikuwa sentensi moja, na sentensi ile haisamehi. Ilipofika episodi ya 43 tulikuwa tumemrudisha kwenye riba yake. Akamaliza tamthilia kama alivyoingia. Siku ya mwisho mwigizaji alinipa mkono akaniambia, "Ulinipa mtu nimwigize, ukamalizia kwa kunipa kengele niipige." Hatujafanya kazi pamoja tena. Nilimwandikia sehemu nyingine baadaye, nzuri sana, akakataa kwa adabu zake zilezile.

Ndiyo maana nawakaripia. Kwenye vichekesho mtu asiyebadilika ndiye utamu wenyewe, mpeni misemo hata mitatu. Kwenye tamthilia mnatuahidi kwamba mtu huyu atageuzwa na yanayompata, halafu mnampigilia msumari siku ya kwanza.

3. Msemo ni wa mtu, hauachwi kama kiti.

Tazameni Hill Street Blues, tamthilia ya polisi ya Kimarekani iliyoanza 1981. Sajini Esterhaus anafunga kikao cha asubuhi kwa kuwaomba polisi wake wawe waangalifu huko nje. Hayo ni maneno ambayo bosi wa kazi ya hatari angeyasema kweli kila siku, kwa hiyo hayachoshi, na kila tukiyasikia tunahesabu nani hatarudi jioni. Michael Conrad, aliyemwigiza, alipofariki mwaka 1983, waandishi hawakumvika mrithi wake maneno ya marehemu. Sajini Jablonski alikuja na yake: tuwafanyie kabla hawajatufanyia. Kazi ni ileile na chumba ni kilekile, lakini umesikia mtu mwingine kabisa na hofu nyingine kabisa. Mimi nikimaliza kuandika mhusika huwa najaribu kumpa jirani yake sentensi yake. Ikimkaa vizuri, basi haikuwa yake.

4. Ya haraka haraka. Msemo mfupi kuliko pumzi moja. Usomwe kwa sauti na mwigizaji kabla haujaingia kwenye mwongozo wa tamthilia. Usiwekwe kamwe mwisho wa sini mbili zinazofuatana. Ukitaka urudi, urudi kinywani mwa adui yake. Na sufuria isiambiwe.

5. Mengine yataundwa na watazamaji, waacheni wafanye kazi yao.

Ile kauli maarufu ya Kirk, nahodha wa chombo cha anga, kumwomba fundi wake Scotty amvute juu chomboni, ambayo hata asiyewahi kuona Star Trek anaijua, haikutamkwa kwa maneno hayo hasa hata mara moja katika episodi zote 79 za mwanzo, 1966 hadi 1969. Kirk aliomba kwa namna mbalimbali kila aliponaswa, watu wakamshonea wenyewe. Na ile "na sote tuseme hivyo" ya Battlestar Galactica ya 2003, nayo tamthilia ya anga: Edward James Olmos, aliyeigiza kamanda, aliirudiarudia akiwasukuma wenzake waitikie kwa nguvu zaidi, na huko kusukumana hakukuwa kwenye skripti. Palikuwa na watu waliopoteza dunia yao na kamanda anayehitaji waamini. Shida ilitangulia, maneno yakaifuata. Ninyi mnanunua vazi kabla mtoto hajazaliwa.

Skripti nimeziacha mezani, nimeandika kwa penseli, hakuna duara jekundu. Wa daktari na wa polisi, futeni misemo yote mnipe episodi ya kwanza bila hiyo, tuone kama bado nitawatambua wakiongea. Wewe wa mama mkwe, sini ya sufuria usiitupe. Ondoa maneno, mwache amesimama ameshika kifuniko, asikilize mlango wa chumbani. Hiyo naitaka Ijumaa.