Maswali ya namba: Excel imewadanganya tena

Meseji nyingi wiki hii ni za namba moja tu, 147573952589676412927, yaani 2 kipeo cha 67 toa 1, ile niliyowaachia mniambie ni tasa (ina vigawo viwili tu, 1 na yenyewe) au sio tasa. Haya tuanze.

Wa Cheyo, Tabora: "Nimeingiza 2 kipeo cha 67 toa 1 kwenye Excel, imeleta 147573952589676000000. Inagawanyika kwa milioni, kwa hiyo sio tasa."

Jibu lako sahihi, njia yako ya ovyo, yaani umepanda mabehewa ya Mwanza halafu unashangilia umeshukia Kigoma. Excel inashika tarakimu 15 za mwanzo tu, zinazobaki inakujazia sifuri, kwa hiyo hizo sifuri sita ni za mashine. Na hata bila kompyuta, mbili zidisha kwa mbili mara zote unazotaka utapata shufwa, ukitoa moja inakuwa witiri, sasa witiri inaishiaje na sifuri jamani? Nimeshasema mpaka basi, muwe mnaangalia jibu kabla ya kuliamini.

Wa Ujiji: "Nimejumlisha tarakimu zake nimepata 109, na 109 ni tasa. Si tumemaliza?"

Hatujamaliza. 25 jumla yake 7. Kujumlisha kunakupa habari za 3 na 9, basi.

Wa Mwanga, Kigoma: "Kwa kuwa 67 ni tasa, 2 kipeo cha 67 toa 1 si lazima iwe tasa?"

Hata mtawa Mersenne, Mfaransa, mwaka 1644 aliiweka kwenye orodha yake ya tasa, akakosea. We anza na ndogo, 11 ni tasa lakini 2 kipeo cha 11 toa 1 ni 2047, ambayo ni 23 × 89. Mwaka 1876 mwanahisabati Lucas, naye Mfaransa, akaonyesha ile ya 67 sio tasa bila kutaja kigawo hata kimoja. Wengi hapa ndo wanakwama, eti utajuaje inagawanyika bila kujua kwa ngapi, ila wewe mtu wa dagaa, si unainua gunia tu unajua limepungua, nani anahesabu dagaa mmoja mmoja? Vigawo vyenyewe vikaja 1903, Mmarekani Frank Nelson Cole akasimama mbele ya wanahisabati wenzake New York akazidisha ubaoni 193707721 × 761838257287, inasimuliwa hakusema neno, akarudi kukaa. Na utamu uko hapa, kila kigawo tasa cha namba hii ukikitoa 1 lazima kinachobaki kigawanyike kwa 134, yaani 67 mara mbili. Chukua 193707720 gawa kwa 134, inatoka 1445580 kamili. Kwa mkono nimesema, simu weka pembeni.

"Eti 91 ni tasa?"

7 × 13. Wiki ya nne hii mnaniuliza.

"Na 1?"

Hapana.

Wa Kasulu: "Kuna jamaa anauza namba tasa kubwa shilingi elfu tano, eti ukibeti kwa kuzifuata mkeka hauchaniki."

Usinunue. Oktoba 2024 ilitangazwa 2 kipeo cha 136279841 toa 1, ni tasa, ina tarakimu zaidi ya milioni 41 na mtandaoni iko bure kabisa. Mwambie hiyo elfu tano utampa akikuandikia yote kwa peni.