Je, miwani yetu ndiyo iliyompa binti yetu minus 7?

SWALI: Dokta, shikamoo. Binti yangu ana miaka minne. Mwalimu wa chekechea aliniita akaniambia mtoto haoni picha za ubaoni. Nyumbani nilishamwona akila samaki anainama mpaka pua inagusa sahani, nikadhani ni mchezo. Duka la miwani walimpima kwa mashine tu, wakasema haoni mbali, minus 7 macho yote mawili. Mimi navaa minus 2, baba yake minus 1.5, na wote tulianza tukiwa sekondari. Mama mkwe anasema tatizo limetoka kwetu sisi, hasa kwangu, na kwamba mtoto asivae miwani mapema, macho yatazoea. Alizaliwa njiti, wiki ya 30, ila sasa ni mzima kabisa. Mdogo wake wa mwaka mmoja hana shida, anaokota hata punje ya mchele sakafuni. Je, tumemrithisha?
Mama wa wawili, Tanga

JIBU: Marahaba, mama. Barua yako nimeirudia mara mbili, na kilichonishtua si namba za miwani yenu. Ni neno ulilolipitia haraka: njiti.

Kurithi kupo, sikatai. Mzazi mmoja akiwa haoni mbali, uwezekano wa mtoto kuwa hivyo unaongezeka. Wakiwa wote wawili, unaongezeka zaidi. Lakini kinachorithiwa hivyo kwa kawaida hufanana na chenu: huanza shuleni na kupanda kidogokidogo. Mimi nilivaa miwani darasa la tano, binti yangu naye darasa la nne, minus 1. Na hata hapo si damu peke yake. Mwaka 2008 watafiti walilinganisha watoto wa asili ya Kichina, wenye miaka 6 na 7, wanaoishi Singapore na Sydney. Wazazi wao walikaribiana kwa kutoona mbali, lakini Singapore watoto 29 katika kila 100 walikuwa na tatizo, Sydney 3 tu. Wa Sydney walicheza nje karibu saa 14 kwa wiki, wenzao saa 3.

Minus 7 katika umri wa miaka minne ni habari nyingine. Kuanzia minus 6 tunaiita kali, na ikija mapema namna hiyo sikubali kuifunga kwa kusema "wazazi wanavaa miwani." Mtoto njiti huzaliwa mishipa ya retina, yaani utando wa nyuma ya jicho unaopokea picha, haijakomaa, na baadhi yao hubaki na kutoona mbali kukali. Alipotoka wodi ya njiti, kuna aliyemwangalia ndani ya macho? Zipo pia hali chache za kurithi zinazokuja na macho ya aina hii. Ndiyo maana nakuuliza: gizani anapapasa kuta? Viungo vyake vinapinda kupita kawaida? Kwenye ukoo yupo aliyepoteza uoni kwa retina kubanduka? Majibu mwambie daktari hata asipouliza.

Tena hiyo minus 7 siiamini bado. Mtoto mdogo akitazama ndani ya mashine, jicho hujikaza kama anayeangalia kitu cha karibu, na namba hutoka kubwa kuliko ilivyo. Lazima apimwe upya kwa matone ya kulegeza jicho na kupanua mboni. Matone hayohayo humwezesha daktari kuiona retina yote. Madaktari wa macho ya watoto wapo KCMC Moshi, na CCBRT au Muhimbili, Dar es Salaam. Nenda mwezi huu, mama, usingoje likizo.

Kuhusu kuzoea miwani, mwambie mama mkwe kwa heshima zote kwamba hapo amekosea. Katika miaka hii ubongo wa mtoto bado unajifunza kuona. Ukipewa picha ya ukungu tu, unaweza kuzoea ukungu huo, na baadaye hata miwani sahihi isimfikishe anapotakiwa. Namba ikishathibitishwa avae tangu anapoamka mpaka anapolala. Chagua lenzi za plastiki ngumu na fremu yenye mkanda wa nyuma, maana ataruka nayo.

Lawama usibebe. Kumzaa kabla ya siku zake hukuchagua, wala baba yake hakuchagua macho yake.

Na mdogo wake mpeleke siku hiyohiyo. Punje ya mchele iko karibu. Hata dada yake angeiona.