Jibu: kufupisha amri za git na kutenganisha imeili
Ndugu yangu wa Likoni, ulouliza vipi ufupishe amri za git (programu ya kutunza matoleo ya kodi) na imeili ya ofisi isiingie kwa miradi yako binafsi, alias (jina fupi la amri) ni rahisi tu, andika git config --global alias.st status, toka hapo git st yatosha. Za herufi moja mi sizipendi, zachanganya.

Imeili ndo penye kazi yakhe: fungua ~/.gitconfig (faili ya mipangilio ya git), chini kabisa (git hufuata ilosoma mwisho) weka

[includeIf "gitdir:~/kazi/"]
path = ~/.gitconfig-kazi

hapo ~/kazi/ ndo folda ya miradi ya ofisi, halafu kwa hiyo faili ya pili, ~/.gitconfig-kazi, ndo uandike [user] na email = ya ofisi. Ile slashi ya mwisho usiiache, bila hiyo miradi ilo ndani ya folda haishiki. Ukimaliza ingia repo (folda ya mradi inotunzwa na git) moja ya kazi upige git config user.email uone yaleta ipi.